Shaba Husinyaa Zaidi

Siku ile, mwanangu, naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Tulikuwa tumemzika mtoto wetu wa kwanza kule Mgeta, nami nimerudi kazini, maabara hapa Morogoro. Sanduku langu lilikuwa limeshafungwa. Jioni ningepanda basi Msamvu nirudi kwa wazazi wangu. Mume wangu hakuwa ametoa chozi hata moja, na kwa hilo nilimchukia.

Tulikuwa na kifaa cha kupimia miale ya joto, ile isiyoonekana kwa macho. Ndani yake mna kichembe cha nusu-kipitishi, kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi tu, kidogo kama punje ya mchele, kimebandikwa kwa gundi juu ya kipande cha shaba. Ili kisome vizuri hupozwa kwa naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, baridi ambayo hata vilele vya Uluguru havijawahi kuionja. Baridi ilipokolea, namba zikaanza kuyumba. Nikasema kichembe ni kibovu, kitupwe. Nilikuwa na mdomo, wanaonijua watakwambia.

Mzee Shomari, mkuu wetu wa maabara, akatikisa kichwa.

“Usikihukumu mapema, binti yangu. Vikipoa, vyote viwili husinyaa, ila shaba husinyaa zaidi. Kwa kuwa vimegandana, shaba inakibana kichembe. Hiki unachoona hakijasogea ndicho kinachoumia. Tutakibandika upya kwa gundi laini, kila kimoja kipate nafasi.”

Hakuwa akisema habari za nyumbani kwangu, na sidhani kama alizijua. Lakini nilikaa chini nikalia.

Nilipofika nyumbani, Mwembesongo, nilimkuta mume wangu uani anafua nguo za mtoto, zile zile alizozifua jana yake. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi sikuwa nimeusikia. Nikavuta kigoda, nikakaa naye. Sikumwambia alie, wala yeye hakuniambia nijikaze. Baadaye tukaanika pamoja.

Mwanangu, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Msiba ukiingia nyumbani baridi ni moja, lakini watu hawasinyai sawa. Usimpime mwenzio kwa machozi yako, wala usimbane afanane nawe. Mpe nafasi, ila usiondoke. Mungu akujalie mwenza unayeweza kukaa naye kimya, na akuepushe kulijua hili kwa njia niliyolijua mimi.