Klia Kwanza

Sijasahau, na sitaki kuambiwa nisahau. Jumapili moja mkuu wa chuo kimoja cha Meru alikuja kanisani kwetu Kiambere, akapewa nafasi ya kusalimia waumini, akaitumia kuuza kozi. Alisema kijana akisomea kazi ya plasta, kufunga mifupa iliyovunjika, hatakosa hospitali ya kumwajiri. "Mshahara wa kwanza tu," akasema, "unamaliza deni la karo." Mama yangu akapiga makofi. Mimi pia.

Mama alikuwa akichuma muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, na kupanda ndengu. Muguka ulinilipia karo karibu yote. Muhula wa mwisho mvua ikakosa, ndengu zikakauka zikiwa na maua, na salio likabaki. Nilifanya mtihani, nikapita. Cheti kikafika chuoni, pale Kaaga, kikafungiwa kabatini. Nilipoenda kukichukua mkuu hakuniangalia hata usoni. Alikuwa anakula njugu.

"Umeklia karo?" akauliza.

"Bado, mwalimu. Lakini nikipewa cheti nitaandikwa kazi, nilipe."

"Klia kwanza. Hapa si kwa mama yako."

Mengine yote ningeyameza, lakini si hilo la mama. Mama aliyempigia makofi!

Nilipata kazi katika kliniki ya mtu binafsi, Makutano. Kwa kuwa sikuwa na cheti niliandikwa msaidizi, kwa nusu ya mshahara wa fundi wa plasta, ingawa plasta zenyewe nilizifunga mimi. Nikishatoa kodi ya nyumba, chakula na kidogo cha mama, kilichobaki nilikipeleka chuoni, nacho chuo kikakila kama faini ya kuchelewa. Salio halikutikisika. Ili nipate mshahara wa kulipa deni nilihitaji cheti, na ili nipate cheti nilihitaji kulipa deni. Kila mwisho wa mwezi nilipiga hesabu hiyo, na kila mara nilimlaani yule mtu kwa jina lake. Wakati mwingine kwa sauti, jirani akagonga ukuta.

Asubuhi moja mwaka jana nikamkuta mkuu kwenye benchi letu la wagonjwa. Alikuwa ameanguka harusini Embu, akavunjika mguu, akafungwa plasta huko huko, na sasa mfupa ulikuwa umeunga. Sitadanganya, moyo uliniruka kwa furaha. Hakunitambua.

"Daktari, nitolee hii kitu," akasema. "Inaniwasha mpaka silali."

Kwenye ukingo wa plasta niliona spoku ya baiskeli aliyokuwa akijikunia. Nikachukua msumeno, nikauwasha ili ausikie ukinguruma, kisha nikauzima.

"Risiti iko wapi?"

"Nimesahau simu nyumbani. Nitatuma pesa jioni. Mimi ni mtu anajulikana hapa Meru, daktari. Nitolee tu."

Kulipa kwanza ni sheria ya mwenye kliniki, si yangu. Lakini wagonjwa wengine wakikwama huwa natembea hadi kwa keshia nikawaombee. Siku hiyo miguu yangu ilikuwa mizito.

"Klia kwanza, mwalimu," nikasema. "Hapa si kwa mama yako."

Aliinua macho. Niliona sura yangu ikimrudia polepole. Akachukua magongo yake, akaenda zake na plasta yake na mwasho wake. Nikamimina chai, na sijui kama nimewahi kunywa chai tamu kama ile.

Kesho yake akarudi na risiti. Nikakata plasta kwa uangalifu, maana kazi yangu siiharibu kwa sababu ya mtu. Mguu ukatoka mwembamba, umepauka, unanuka. Akaushika kama amekabidhiwa mtoto.

"Kuja ofisini," akasema bila kuniangalia. "Tuongee juu ya hiyo cheti yako."

Nilimpigia mama palepale, akalia kwenye simu. Nikaomba ruhusa, nikavaa nguo yangu ya kanisani, nikaenda Kaaga. Mkuu akafungua kabati, akatoa cheti, akakiinua mahali nilipoweza kusoma jina langu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukiona. Kisha akakirudisha ndani na kuzungusha ufunguo.

"Sasa umeiona," akasema. "Enda uklie."

Mama alikuwa anasubiri nimpigie, na sikujua nitamwambia nini. Mkuu akazunguka meza kuja kunifungulia mlango, akichechemea bado. Nje ya ofisi yake kuna ngazi za saruji zisizo na mahali pa kushika, na mvua ilikuwa imezilowesha tangu asubuhi. Niliteremka pole pole. Sikumwambia ajihadhari akishuka jioni. Ana mguu mwingine, na mimi bado niko chumba cha plasta.