Gari Iliyokataa Kumpeleka Dada

Wewe, umewahi kufurahi gari ikikataa kupanda mlima? Mimi nilifurahi, nikiwa mtoto. Nilikumbuka juzi mjukuu wangu Wawira akitoa gari yake gereji. Imefanyiwa tuning, injini imerekebishwa, haitetemeki, hata ukiweka chai juu haimwagiki.

Siku hiyo tulikuwa tunatoa dada yangu Embu kumpeleka Nkubu, huko Meru, kuolewa. Nilifinywa katikati ya shangazi wawili wanono, madirisha yote yamefungwa ndio vumbi isiguse gauni. Kulinuka jasho, petroli na mafuta ya nywele. Kutoka, hakuna. Kwa mlima wa Thuchi gari ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikasimama. Dada alikuwa analia, basi mimi nikajua gari imemhurumia. Nikaiomba kwa roho, "Kataa tu! Kataa!"

"Padri atachoka kutungoja aende!" shangazi mmoja akapiga kelele. "Dereva, umetuletea gari ama punda?"

"Mama, ni plagi zimejaa masizi tu."

Akazitoa, akazikwangua na wembe, akazirudisha. Akazungusha skrubu ya kabureta kidogo kidogo kupunguza petroli, akisikiliza. Injini ikalainika, ikapanda mlima mara moja. Sasa ni mimi nililia. Huyo dereva nilimchukia miaka mingi.

Nilimwambia Wawira hiyo yote, kwa sababu na yeye anaolewa Desemba, huko huko Meru. Akacheka, akanishika mkono. "Cucu, injini ikiwa sawa, hata kurudi inarudi. Kila mwezi nitakuja kukuona."