Jicho la Paka wa Mama

Mama yangu anauza mchele wa Bwegera, na magunia yake yanakaa katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu hapa Uvira. Mlinzi wake ni paka wa kijivu mwenye kiburi kuliko mkuu wa shule yetu. Mama hakubali kwamba anampenda. Anasema ni mfanyakazi tu. Lakini asubuhi humsalimia yeye kwanza, halafu ndipo zamu yetu sisi wanawe inafika.

Kiangazi kimoja, miaka michache iliyopita, upepo wa bonde la Ruzizi ulikuwa unatuletea vumbi hadi ndani ya sufuria. Paka akaamka jicho la kushoto limefumba, jekundu, linatoa tongotongo za manjano. Mama akanitazama mimi. Mimi ndiye msomi wa nyumba: nafundisha Kifaransa sekondari, na diploma yangu imetundikwa mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa.

Jibu nilikuwa nalo tayari. Majirani wa avenyu yetu walikuwa na chupa. Jirani mmoja alipasuliwa mtoto wa jicho, akapewa dawa ya matone, akapona, na iliyobaki ikaanza kutembea nyumba kwa nyumba. Aliyeingiwa na vumbi alitiwa ile, aliyerudi msibani na macho mekundu naye akatiwa ile ile. Nikaenda kuiazima. Nikasoma karatasi yake kwa sauti, ili mama asikie ninavyoyatamka majina yale marefu, nikamtia paka matone mawili.

"Hiyo haiko dawa ya muntu?" mama akauliza, mara moja tu.

Nikamjibu kwamba jicho ni jicho.

Kesho yake wekundu ulipungua, nami nikatembea uani kifua mbele. Siku ya tatu jicho likafanya ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Paka akajificha nyuma ya magunia, hataki kula hata samaki wadogo wa ndagala. Niliogopa sana. Mama hakunilaumu. Alimfunga paka ndani ya kitenge, akamweka katika kikapu chenye kifuniko, akaniambia tutoke.

Tulikwenda kwa munganga wa ng'ombe, kama tunavyomwita daktari wa mifugo. Alikuwa ametoka Runingu kuchanja ng'ombe, buti zake za mpira bado zina matope. Nilidhani atatucheka kumletea paka. Badala yake alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akachuchumaa, akamwomba mama ashike kichwa taratibu. Akagusisha kwenye jicho kikaratasi cha rangi ya machungwa alichokilowesha, kisha akalisafisha kwa maji. Alama ya kijani ikabaki katikati, kubwa kama punje ya mchele.

"Iko na kidonda juu ya jicho," akasema. "Mulimutia nini?"

"Maji ya chumvi tu," nikajibu.

Mwalimu mzima! Uongo ulinitoka kabla sijaufikiria, nikabaki naangalia viatu vyangu.

Munganga akakunja uso. "Maji tu? Basi sielewe. Hii kidonda imekula mbio sana."

Hapo mama akafungua pindo la kitenge chake, akatoa chupa. Sikujua kwamba ameibeba.

"Minye ndiye nilimutia hii," akasema. "Sijue kusoma, munganga. Unisamehe."

Munganga aliisoma chupa, akaigeuza, akaisoma tena. Hakupaza sauti. "Asante kwa kunionyesha, mama. Hii iko na kotizoni. Inaondosha wekundu, muntu anazani imepona, kumbe mu jicho yenye kidonda inaacha kidonda ikule mpaka ndani. Mungenificha, jicho ingetoboka."

Chupa akabaki nayo, akatuagiza tuwaambie majirani wasiazimane tena dawa ya macho. Akampa mama tyubu ya pomade, marhamu ya antibiotiki isiyo na kotizoni, ya kutia mara nne kwa siku, na akataka kumwona paka baada ya siku mbili. Akasema kidonda cha jicho hakingojewi, na hata likionekana zuri tusiache dawa mpaka yeye mwenyewe alipime.

Nimewahi kulazwa, nimewahi kuuguza, lakini muuguzi kama mama yangu sijamwona. Alichemsha maji akayaacha yapoe. Kila jicho lilikuwa na kitambaa chake. Alinawa kabla na alinawa baada, na mdomo wa tyubu haukugusa jicho hata siku moja. Alikata katoni ya sabuni, akamshonea paka kola asijikune. Mwenye kiburi alimkwaruza mikono yote miwili, mama akacheka, akamwambia, "Weye piga tu, dawa utapata." Wateja waliokuja saa ya dawa walingoja mlangoni na mifuko yao.

Tulirudi kwa munganga mara tatu. Mara ya mwisho aliweka kikaratasi chake, akasafisha jicho, na kijani hakikubaki. Pembeni palikuwa na kovu dogo jeupe. Akapitisha kidole upande ule, na jicho likakifuata. Mama akageukia ukuta, akajipangusa uso kwa pindo la kitenge.

"Ni ukweli yako ndiyo imeponyesha hii jicho, mama," munganga akamwambia.

Nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia kwamba aliyetia dawa ni mimi, na aliyedanganya ni mimi. Alitikisa kichwa polepole, akaendelea kunawa mikono.

Njiani nilibeba kikapu, paka analalamika ndani. Nikamwuliza mama kwa nini siku ile alijitwisha kosa langu, tena mbele ya mtu asiyemjua.

"Munganga alikuwa anangojea jibu," akasema. "Jicho haikukuwa na wakati ya kungojea aibu yako iishe."