Anachokiona Dereva

Nilirudi Tunduma msimu wa vumbi, nikiwa na begi moja, nikafikia kwa dada yangu. Nilikuwa natoka Isongole, na kabla ya hapo Hasamba nikichuma kahawa za watu. Dada alifungua mlango, akalitazama begi kabla ya kunitazama mimi.

"Kaka, unazunguka kama noti ya kwacha," alisema. "Safari hii unakaa mpaka lini?"

"Mpaka Jumapili."

Alicheka, ila si sana. Yeye ni mdogo wangu, mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya upande wa Mpemba, na kila siku anaondoka na bodaboda jua halijatoka. Binti yake wa miaka sita anasoma awali katika shule ya karibu. Hiyo shule ya karibu iko ng'ambo ya barabara kuu.

Nilipokuwa mtoto, barabara ile tuliichezea. Sasa malori hayaipiti, yanakaa juu yake. Yanasubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, moja nyuma ya jingine, hadi macho yanapochoka. Injini zimezimwa, madereva wamelala au wanakunywa chai. Kisha, bila dalili, mstari mzima unanguruma, unasogea kidogo, unasimama tena.

Watoto wa mtaa ule wana namna yao ya kuvuka. Nyuma ya lori hawapiti, wameambiwa tela huweza kurudi. Wanapita mbele, chini ya bampa. Akina mama wanawafundisha sheria moja tu: mtafute dereva kwanza, ukishamwona, pita. Hata mama yetu alitufundisha hivyo, enzi za malori machache, mafupi.

Jioni ile, tukisubiri ugali, nilimwambia dada kwamba sheria hiyo inanitia wasiwasi. Nimewahi kuwa utingo, najua jinsi dunia inavyoonekana kutoka kwenye kabini.

"Kaa hapo," alisema.

Aliweka chupa ya chai katikati ya meza. Upande mmoja ilichorwa maua, upande wa pili rangi imebanduka, hakuna kitu. Maua aliyageuzia kwa binti yake, mimi nikabaki na ule ubapa mtupu.

"Mwanangu, wewe unaona nini?" dada alimuuliza.

"Maua."

"Na mjomba pale alipo, anaona nini?"

"Maua," alijibu, akinishangaa kama mtu asiyejua hata kutazama.

Dada alimzungusha hadi upande wangu, mtoto akaona pale palipobanduka. Dada alimrudisha, akamuuliza tena mjomba anaona nini.

"Maua! Mama naye!"

Nilicheka. Dada hakucheka. Aliniambia kwamba chuoni waliyasoma haya, akadhani ni ya kujibia mtihani. Mtoto wa umri huu anajua vizuri anachokiona yeye, lakini hawezi bado kukaa mahali pa mwenzake na kutazama kutoka huko. Si ubishi, wala si ujinga. Akili haijafika.

"Hata darasani ni hivyo. Nikipanga visoda vya chupa vimekaribiana, nikavitandaza mbele yao, wanasema vimeongezeka. Siwagombezi. Nawapa wavishike, wavikusanye, wavitandaze wenyewe, hadi siku moja wananicheka mimi."

"Siku moja lini?"

"Wengine mwaka huu. Wengine mwakani."

"Na barabara je?"

Alinyanyuka kwenda kugeuza ugali.

Kesho yake nilimsindikiza mtoto pamoja na rafiki yake wa nyumba ya jirani. Mbele yetu mama muuza ndizi aliweka beseni chini, mbele ya lori jekundu, ajifunge upya kitenge. Watoto walinichoropoka wakakimbilia hapo hapo. Mpwa wangu aliinua uso akiwa bado mbali, akamwona dereva, akaingia chini ya bampa. Halafu akasimama, kwa sababu rafiki yake alikuwa anavuta soksi.

Injini ikawaka.

Nilipiga yowe ambalo sikujua ninalo. Yule mama aliwavuta wote wawili kwa sweta, wakaangukia pembeni. Lori lilisogea. Beseni lilipasuka kwa mlio mdogo, mkavu, na ndizi zikalala chini ya tairi. Dereva alifungua mlango, akachungulia.

"Kuna nini huko?"

"Kuna nini! Una macho ya kuazima wewe?" mama wa ndizi alimfokea.

Mpwa wangu alijipangusa vumbi, akanikasirikia mimi. "Mjomba, unapiga kelele za nini? Mimi si nilimwona?"

Jumamosi nilimwomba dereva mmoja niliyemfahamu tangu siku za utingo atuachie lori lake kidogo, watoto wajionee. "Mwalimu, leta darasa lako," alimwambia dada, "ila wasinipigie honi, wenye mstari watadhani mpaka umefunguka." Yule rafiki wa mpwa wangu tulimsimamisha mbele ya bampa, injini imezimwa, mimi nimeshika ufunguo mfukoni. Mpwa wangu alipandishwa hadi kwenye kiti cha dereva, akatazama kupitia kioo.

"Rafiki yako yuko wapi?" dada aliuliza.

"Ameondoka."

Rafiki alijibu kutoka chini kwamba yupo. Mtoto alishangaa, akacheka, akataka warudie. Walirudia kwa zamu hadi dereva akaomba kiti chake. Kisha dada alimsimamisha binti yake pale pale mbele ya bampa.

"Sasa, dereva akiwa juu, anakuona?"

"Ananiona."

"Si uliona mwenyewe kwamba haonekani?"

"Yule ndiye haonekani. Mimi naonekana."

Dada aliinama, akamfunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Jumapili ilikuja ikapita, begi langu likabaki nyuma ya mlango. Kila asubuhi nilimvusha mtoto nimemshika kifundo cha mkono, tukizunguka mbali hadi kwenye pengo la malori. "Usimfundishe jibu," dada alinionya. "Ukimfundisha jibu, atakupa jibu." Sikumsikia. Njia nzima nilikuwa namwambia: dereva hatuoni, dereva hatuoni.

Jana nilimjaribu. Tulikuwa tumesimama ukingoni, mbele yetu lori refu la mizigo ya Kongo, dereva ameinamia simu yake.

"Dereva anatuona?"

"Ha-tu-o-ni," aliitikia haraka, kwa sauti ile ile wanayomsalimia mwalimu akiingia darasani.

Moyo ulinitulia kidogo. "Kwa hiyo tufanyeje?"

"Tupite, mjomba," alisema, akinivuta kuelekea kwenye bampa. "Nimeshamwona."

Huko mbele, karibu na geti la mpakani, injini ya kwanza ikawaka, na ya pili ikafuata.