Tabaka la Kati na Mama Asiyekosolewa

Siku ya kwanza kazini niliingia chumba cha chini cha kanisa moja hapa Saint Paul, Marekani, na maka pen mbili mkononi, cheti cha ualimu sina. Historia nilijifunza mwenyewe, earphone masikioni, nikipanga mizigo kwenye ghala kule Shakopee. Mnaniona kijana, sawa, lakini hii kazi nimeshastaafu. Nyinyi mnaoianza, nisikilizeni.

Tulikuwa tunaandaa watu wazima kwa mtihani wa kumaliza sekondari. Mkubwa wangu wa kwanza, mchungaji, aliniambia, "Fundisha tu, kijana, Mungu atasahihisha." Wa pili alikuwa mratibu, dada Mkenya aliyekulia hapa: Kiswahili anasikia, anajibu Kizungu. Kabla ya mtihani anakuja kuuliza maswali ya mdomo. Ukianguka mbele yake, mtihani huendi.

Mwanafunzi wangu Mama Furaha, kutoka Bukavu, alikuwa anatunza wazee kwenye nyumba moja kule Eagan. Chuo cha unesi kilishamwekea nafasi, bora apite. Kwa umri ndiye mkubwa wetu, ndiye anafungua darasa kwa maombi.

Mratibu akamsimamisha. "Tabaka la kati la Ulaya, karne ya kumi na tisa, lilitoka wapi?"

Mama akajibu, "Wafalme waligawa mashamba."

Wiki nzima tumesoma! Mashamba ni ya makabaila, wale mabwana wa kurithi. Tabaka la kati ni wenye viwanda, wafanyabiashara, mawakili, makarani, watu waliopanda kwa biashara na shule.

"Nani anakubaliana naye?"

Mikono yote juu. Hata Baraka, anayejibu kila kitu kabla sijauliza!

Mratibu akafunga laptop. "Mama haendi. Na wewe umekuwa ukifundisha nini hapa?"

Nikawaka. "Wanajua! Lakini nani atamkosoa mama yake mbele ya mgeni? Wewe ungemkosoa wako?" Nikageuka. "Mama, tupe ruhusa."

"Mukosoe tu, batoto. Mama yenu anazama!"

Darasa likalipuka. "Viwanda!" "Reli!" "Benki!" Baraka akapiga meza: "Na piano sebuleni, hakuna anayejua kuipiga! Na msichana wa kazi jikoni!"

Wote wakacheka, mratibu hakucheka. "Mama, sasa ujibu mwenyewe. Msichana wa kazi wa nini?"

Mama akakaza leso kichwani.

"Juu ya nini? Jirani akiingia aone hawa si vibarua. Mwenye kutumwa na mwenye kutuma, mpaka ulikuwa pale."

Mratibu akamwangalia, kisha mimi. "Mama anaenda. Wewe, kwa kunipigia kelele, leo ndio mwisho."

Baraka akachukua jaketi anifuate. Nikamwambia, "Keti, bwana, usome."

Nikarudi Shakopee, na sijuti. Mkipewa darasa la watu wetu, mwombeni mkubwa wao aruhusu kukosolewa siku ya kwanza, kabla hata ya kufuta ubao. Mama sasa yuko chuo cha unesi. Kila Jumapili ananikosoa Kiingereza changu mbele ya kanisa zima, na mimi, na hasira zangu zote hizi, nafunga mdomo.