Vidonge Nilivyopima kwa Ulimi

Mwanangu, kutoka Rodi Kopany mpaka Macalder hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Shule niliacha darasa la sita, nikaanza kuwauzia wachimba dhahabu dawa za kichwa, katoni moja begani. Leo nina maduka mawili ya dawa, na waliosoma ndio ninaowalipa mshahara. Lakini kaa hapo nikueleze siku ulimi wangu uliponiaibisha.

Nakumbuka nilikuwa napima vitamini C kwa ulimi. Nalamba kidonge, kikiwa kikali namwambia mteja, "Hii iko sawa." Mikebe mikubwa niliiweka stoo ya Macalder, chini ya mabati, jua likiwaka kutwa, vifuniko wazi ili mkono uingie haraka. Nani angenifundisha kazi?

Mama yangu akaanza kutokwa na damu kwenye fizi. Alikuwa anaishi kwa uji na chai, na kidonda cha mguuni kilikataa kupona. Daktari wa Homa Bay akasema anywe vitamini C. Nikamwambia, "Daktari, hiyo niachie mimi." Nikampa mama mkebe mzima wa kutoka stoo. Miezi ikapita, damu haikuisha. Daktari alijua anameza kila siku, kwa hiyo akatafuta ugonjwa mkubwa zaidi, akatutuma Kisumu kwa vipimo. Hawakuona kitu. Meno manne yakalegea, yakang'olewa.

Ndipo Achieng, binti ya dada yangu, akaja likizo. Anasomea kemia chuoni, na alikuwa na kifaa kidogo cha mwalimu wake, kinachounganishwa na simu. Aliona damu kwenye kikombe cha nyanya yake.

"Anko, nipe vidonge viwili nivipime."

"Upime nini? Nimeshaonja."

"Na huo ulimi una cheti?"

"Ulimi huu umejenga nyumba tatu, wewe!"

Alicheka, lakini hakuacha. Alisaga kidonge, akakikoroga kwenye maji yake ya dawa, akatumbukiza vijiti vitatu vyembamba vya kile kifaa, akapitisha umeme kidogo kidogo. Akanieleza kwamba umeme ukifika nguvu fulani, vitamini C nayo inaachia umeme wa kwake, na kwenye simu mstari unapanda kama kilima. Vitamini nyingi, kilima kirefu. Kwanza alipima unga safi ambao uzito wake anaujua. Mstari ukapanda. Kisha akapima kidonge cha mama.

Mwanangu, hicho kilikuwa kichuguu.

"Hata robo ya kilichoandikwa haimo, anko."

"Lakini ni kikali!"

"Ukali ni wa ile asidi ya ndimu waliyotia kiwandani. Hiyo imebaki. Vitamini imeharibiwa na joto na unyevu."

Nikaruka juu. Nikasema wenye kiwanda ni wezi, nitawashtaki. Nikaleta mkebe mpya kutoka duka langu la Migori, aina ileile, haujafunguliwa. Achieng akapima. Kilima kikasimama kirefu kama kile cha unga safi.

Basi mwizi alikuwa stoo yangu.

Mama alikuwa ameketi hapo, anasikia yote. Meno yake sita ya chini yaling'olewa alipokuwa msichana, kwa desturi yetu ya zamani; yaliyobaki ndiyo aliyojivunia. Akaniangalia kwa utulivu.

"Yale sita, mzee aliyeyatoa aliniambia kwanza kwamba nitaumia. Haya manne umeyatoa wewe, nyathina, mwanangu, na ulikuwa unajisifu."

Nikaenda stoo ya Macalder, nikaiteketeza mikebe yote kwa mkono wangu. Mimi!

Mama akaanza vidonge vya mkebe mpya, na machungwa ya kukamuliwa. Kidonda kikafunga. Meno hayakurudi.

Kwa hiyo shika hili. Dawa ya kumponya mtu usiipime kwa kujiamini kwako. Iweke inavyotaka kuwekwa. Na akija mtoto mwenye kipimo kizuri kuliko chako, mpe nafasi mapema, kabla mtu wako hajaumia. Mungu akutunzie mama yako, akutunzie na meno yake, akupe sikio la kusikia ukiwa bado na nafasi ya kurekebisha. Mimi nilisikia nimechelewa. Vipimo vya Kisumu, nauli, kung'oa meno, na mikebe yote niliyoiteketeza: shilingi elfu sitini na moja, mia nne na themanini.