Nilivyochagua Lenzi Pana

Hadi leo najikasirikia! Mwenye nyumba ya wageni kule kisiwani Takawiri aliniahidi kazi ya mwaka mzima nikimpigia picha moja tu, yenye bustani yake yote. Wenzangu wakasema nitahitaji lenzi pana. Dukani Homa Bay nikachagua yenye kioo kikubwa kuliko zote. Muuzaji akasema, "Lakini Mama Achieng..." Nikamkata: "Nimesoma hadi fomu foo, usinifunze pana ni nini!"

Bustanini nikaizungusha lenzi, nikarudi nyuma hadi ziwani, maji magotini. Bado niliona ua moja. Mzee mwenye nyumba akaja akachungulia, akaangua kicheko.

"Nyathina, mwanangu, lenzi pana ni ile inayoona kote. Hii imefanana nawe: mdomo mpana, inaona ua moja!"